Fundi Aliyetutandikia Sakafu

Nyinyi wajukuu zangu, na nyinyi watoto wa watu mnaokaa barazani kwangu mkicheka kwamba Bibi ana choo kibaya kuliko vyote Kariakoo, nyamazeni kidogo. Sakafu ile mmeipiga picha. Mmoja wenu akasema imeliwa na panya. Panya hali marumaru. Nimeidonoa mimi, kwa tindo na nyundo, nimekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. Ila hamtaielewa mpaka mumjue mtu aliyeitandika. Huyo nitamwita Fundi, basi. Jina lake nalijua, lakini silitaji, maana nikilitaja sana mtadhani ni ndugu yetu.

Kwao sikuwahi kuuliza. Wapo wanaosema ni mtu wa Kusini, wapo wanaosema ni wa hapahapa mjini. Mtu akishakutengenezea choo unamjua vya kutosha.

Nianze na kazi yake, msije mkasema Bibi ana chuki tu. Chuki ninayo, lakini na macho ninayo. Fundi alikuwa na mkono. Marumaru zake zilinyooka kama safu ya Ijumaa msikitini, hakuna iliyotangulia bega wala iliyobaki nyuma. Sinki la choo alilofunga yeye halikucheza, halikuvuja, wala halikurudisha harufu ya karo ndani. Akimaliza alivua pete yake ya fedha akapiga magoti, akagonga nayo marumaru moja moja huku katega sikio. Iliyoshika chini hutoa sauti nzito. Iliyobaki na upepo hulia kama debe.

"Hii inasema uongo," husema, na kuing'oa palepale.

Kwa jirani yangu wa nyuma aling'oa safu nzima, mama wa watu analia kwamba ana maulidi kesho na wageni wameshafika. Fundi hakugeuza hata shingo. "Maulidi yatapita, mama. Sakafu itabaki na jina langu."

Hilo neno, jina langu, lishikeni.

Alifanya kazi peke yake. Vibarua walikuja asubuhi, ikifika adhuhuri wameshakimbia, kwa sababu ya mdomo. Aliyekosea kuchanganya saruji aliambiwa mama yake anapika ugali mbichi. Hata wenye nyumba hakuwaacha. Aliingia chooni kwa mtu, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Poleni. Mmeishi humu muda mrefu?" Na watu walicheka, wakamlipa, wakamwita tena. Alikuwa na msemo wake: "Sebuleni mtu anakuonyesha anavyotaka aonekane, chooni ndiko anakoishi." Na mwingine: "Choo kisichong'aa ni shimo lenye mlango."

Kung'aa. Ndiyo ilikuwa dini yake ya pili.

Ya kwanza aliishika pia, tena kwa ukali wa ajabu. Hakuingia chooni kwa mguu wa kulia, hata chumba kikiwa bado ni kuta tupu na mchanga, hata sinki likiwa bado lipo dukani. Anatanguliza kushoto, ananong'ona dua yake, ndipo anaingiza ndoo. Na hakufunga sinki mpaka ajue kibla kiko wapi. Anakuuliza, "Msala mnautandika vipi?" Anasimama katikati ya chumba, ananyoosha mkono, anahesabu pembe, kisha anachagua ukuta ambao mtu akikaa hatakielekea kibla wala kukipa mgongo. Familia moja ya Kikristo kule Magomeni walimwambia, "Fundi, sisi wala hatuna habari na hayo, weka karibu na bomba." Akakataa. "Nyinyi hamna habari, mimi nitaulizwa." Akalipeleka bomba mpaka ukuta wa pili kwa jasho lake.

Na chai. Fundi hakushika mwiko wake wa saruji kabla ya chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Isipokuwa na iliki anasema, "Leo nyumba hii imeamkia maji ya moto." Ya kwangu aliisifu mpaka nikaona haya. Hata siku ambazo hana kazi, akija Kariakoo kununua saruji nyeupe alipiga hodi kwangu. "Bibi, chai yako ndiyo inayonitoa Magomeni." Anakaa barazani na mzee wangu, babu yenu, wanabishana mpira mpaka mate yanaruka. Mzee wangu alimpenda. Na mimi, nisiwafiche, nilizoea kuweka kikombe cha ziada.

Lakini mwanamke mbele yake alikuwa mtu wa kuchagua pazia. Rangi, mpangilio, ukubwa, vyote anazungumza na baba mwenye nyumba. Mama akitia neno, anamjibu huku anamtazama baba. Siku moja nilimuuliza.

"Fundi, choo anakisugua nani?"

"Mwenye choo, Bibi."

"Mwenye choo ni nani?"

"Si Babu huyu hapa."

"Babu huyo hajui hata fagio linalala wapi."

Mzee wangu akacheka mpaka akakohoa. Fundi naye akacheka. Kisha akarudi kumuuliza mzee rangi. Hata kucheka kwake kulikuwa namna ya kutokusikia.

Sasa nifike kwenye sakafu.

Mzee wangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda kando, akalazwa hospitali kule Upanga. Choo chetu wakati huo kilikuwa cha kuchuchumaa, uani, sakafu ya saruji iliyopasuka. Mtu wa nusu mwili hawezi kuchuchumaa. Na mnamkumbuka babu yenu kwenye picha, pande la mtu. Mimi ndio hivi nilivyo, mkono wangu hauzunguki hata mbavu zake. Mwanangu Idi mchana yuko kwenye biashara. Anayebaki nyumbani ni mkamwana wangu, mke wa Idi.

Siku moja namlisha uji, mzee akanishika mkono kwa ule wake mzima. Maneno yalikuwa yanatoka yamepinda, lakini haya yalinyooka.

"Mama Idi. Yule mtoto asinioshe."

Nyinyi wa siku hizi mnaona kuoshwa ni huduma. Mkwe hamwoni mkwewe uchi. Mzee wangu alikuwa hata shati havui mbele ya mkamwana. Joto la Februari linamuua na amefunga vifungo mpaka shingoni. Alichoomba kilikuwa kidogo, aingie chooni kwa miguu yake na atoke na heshima yake. Nikamwambia, "Hatakuosha. Nimekuahidi."

Ndipo nikamwita Fundi, na tukashuka dukani pamoja. Kumbukeni, kwa sababu ya kibla sinki lilikuwa liende ukuta wa mbali kabisa na mlango. Hapo sikubishana naye, alikuwa na haki. Chuma cha kushikia ukutani alikubali kukiweka, lakini karibu na sinki tu. Baina ya mlango na kile chuma kulikuwa na sakafu, na mzee wangu angeivuka na fimbo, mguu mmoja unaburutwa. Na sisi si watu wa karatasi. Choo chetu ni cha ndoo na kopo, kimelowa tangu alfajiri mpaka usiku. Kwa hiyo mimi sikwenda dukani kutafuta uzuri. Nilikwenda na kipande cha sabuni kwenye pochi.

Mwenye duka alikuwa kijana wa Kiarabu mwenye adabu, akaniletea kiti. Nikamwambia sikuja kukaa, anipe marumaru nizijaribu chini. Fundi alikuwa keshachagua yake, nyeupe, inang'aa, unajiona meno, ina ua la bluu pembeni. Nikailaza sakafuni, nikaimwagia maji, nikapaka sabuni, nikavua viatu, nikapanda huku nimeshika meza ya dukani. Mguu ukaenda kama samaki. Nikataka nyingine, ya rangi ya majivu, ina mkwaruzo kama ulimi wa paka. Maji, sabuni, nikapanda. Ikanishika. Nikajitikisa. Ikanishika.

"Hii," nikasema.

"Bibi, unatuaibisha," Fundi akaninong'oneza. Kisha kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hiyo ni ya kuoshea magari!"

Wateja wakacheka. Nikamwambia, "Basi nina gari langu bovu hospitalini, nataka kuliosha."

Wakacheka zaidi, na safari hii si mimi niliyechekwa. Yule kijana wa duka akasema, "Mama yangu mzazi nimemwekea hiyo hiyo." Fundi akairudisha yake nyeupe pale alipoitoa. Nilisimama mpaka zikapakiwa kwenye mkokoteni, za majivu, nimeziona kwa macho yangu. Kisha nikaenda zangu Upanga. Siku zile nilikuwa nalala kwa mdogo wangu kulekule, ili asubuhi nimuwahishie mzee uji.

Nilirudi nyumbani kazi imekwisha, kesho yake mzee anatoka. Nikakuta uani pamejaa majirani kama kuna bi harusi. Wananipisha njia, wananipa hongera. Nikachungulia.

Weupe ulinipiga machoni.

"Usiseme kitu kwanza, Bibi," Fundi akaniambia. "Tazama tu."

"Natazama. Zangu ziko wapi?"

"Zimerudi dukani. Bibi, mimi siwezi kuacha kazi ya namna ile. Watu wataingia humu waulize nani katandika."

"Nani kakupa ruhusa?"

Akamtazama mwanangu. Idi akatazama kidole chake cha mguu. "Fundi alisema ubora ni uleule, Mama. Na kwamba mgonjwa akiona weupe moyo wake unafunguka."

"Mgonjwa haendi chooni kwa moyo. Anaenda kwa miguu."

Majirani wakaguna. Mwanamke mmoja akasema, "Bi mkubwa naye, hata shukrani hana." Fundi akavua pete, akapiga magoti mbele ya watu, akaanza kugonga. Zote zikaitika sauti nzito. Akasimama akijifuta mikono. "Hakuna hata moja inayosema uongo."

Kesho yake mzee akaja. Hapakuwa na muda wa kung'oa. Nikatandika magunia kutoka mlangoni mpaka kwenye chuma. Mguu wake unaoburutwa ukanasa kwenye gunia siku ileile, akataka kuanguka. Akaniambia niyatoe. Na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba alikipenda. Alisimama mlangoni na fimbo yake, mdomo umepinda, anacheka. "Mama Idi, tumekuwa hoteli."

Siku hizo chache nazikumbuka. Alikuwa akienda peke yake, bega kaliegemeza ukutani, fimbo mkono mzima, mimi nimesimama nje ya mlango nimebana pumzi. Akimaliza anagonga mlango kwa fimbo ili nijue anatoka. Sauti ile ilikuwa inaniteremsha moyo mahali pake.

Akaanguka mchana, ameshajisafisha, anarudi akatie udhu. Fimbo iliteleza kwanza. Nilisikia fimbo, kisha nikamsikia yeye. Nyonga ikavunjika, na hakusimama tena mpaka Mungu alipomchukua.

Na yule mtoto alimwosha. Hapakuwa na mwingine wa kusaidiana nami mchana. Alimwosha huku ametazama dari, anasoma dua kwa sauti ili asisikie jinsi mkwewe anavyolia. Mzee wangu aligeukia ukuta, na tangu siku hiyo hakumwita tena mkamwana wake kwa jina. Alimwonea haya mpaka anakufa. Ahadi yangu iliishia pale, kwenye beseni.

Fundi alikuja msibani. Alikaa na wanaume nje, alilia, sikatai, machozi nimeambiwa yalikuwa ya kweli. Mimi nilikuwa ndani, nimeshaanza eda. Baada ya kisomo nikasikia mtu kaingia chooni. Kisha nikasikia pete. Ko. Ko. Ko. Aligonga sakafu nzima, kutoka mlangoni mpaka sinki, siku ya msiba. Akatoka akawaambia wanaume waliokaa uani, nami nasikia nyuma ya pazia:

"Kazi haina kasoro. Ajali haina kinga."

Mwanamke aliye edani hatoki kumkabili mwanamume. Nililiuma pazia kwa meno. Mkamwana wangu aliniona, akaja kunishika mabega.

Eda ilipokwisha watu walidhani nitatoka kwenda kuzuru kaburi kwanza. Kwanza nilikwenda kununua tindo. Nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, nikaanza mlangoni. Marumaru inayong'aa ina ngozi. Ukiidonoa, ngozi inatoka, chini pana udongo mkavu, na hapo mguu unashika. Nilidonoa karibu karibu, kama mtu anayechagua mchele. Nyingine zilipasuka, nikaziba kwa saruji. Idi akasema, "Mama, acha niite mtu aweke mpya." Nikamwambia, "Wewe ulishaita mtu." Hakurudia.

Na aliyekasirika alikuwa Fundi! Habari zilimfikia Magomeni, akaapa hatakanyaga kwangu. Akatembea mtaa kwa mtaa akisema, "Yule Bibi kaniulia kazi." Watu wakaniletea maneno hayo, nikawauliza swali moja, nani mwingine aliyekufa? Wakaenda zao. Miaka ikapita bila yeye kupiga hodi. Kikombe cha ziada nikampa muuza kahawa.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mtu na fimbo, anateremsha mguu mmoja kama anayeteremsha mzigo wa mwenzake. Sikumjua mpaka nilipoona ile pete.

"Hodi."

Sikusema karibu. "Nani?"

"Fundi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unataka nini?"

Alitazama barabara, watu walivyojaa, mikokoteni, wamachinga wanaita. Alikuwa ameuma midomo. Magoti yalikuwa yamekwisha; maisha yake yote aliyapigia kwenye vyoo vya watu. Na niliambiwa baadaye kwamba yeye mwenyewe kule Magomeni anapanga chumba kimoja, choo cha kuchangia, cha kuchuchumaa, saruji tupu. Mtu aliyeng'arisha nusu ya mji.

"Nimekuja mjini mara moja, nimebanwa. Hapa vya kulipia vyote ni vya kuchuchumaa, na magoti hayakunji." Akashusha sauti. "Nisitiri, Bibi."

Mtu akikwambia nisitiri, hata awe adui, huna mlango wa kumfungia. Nikasogeza mguu wangu apite.

"Njia unaijua."

Akaenda. Kwenye mlango alisimama, nikaona anaitazama sakafu. Akatanguliza mguu wa kushoto, kama zamani. Maji yalikuwa yamemwagika humo, watoto walikuwa wametoka kuoga. Nikakaa uani nikasikiliza fimbo. Fimbo ikakanyaga, ikashika. Ikakanyaga, ikashika. Mpaka kwenye chuma. Nikangoja pete. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nilikuwa na maneno yaliyochacha miaka yote hiyo. Pete haikugonga.

Alikaa sana. Akatoka, uso umelowa, sijui ni maji ya kopo au ni nini, wala sikuuliza.

"Umeitoboa vibaya," akasema. "Uchafu utakaa kwenye vile vishimo. Utakusumbua kusugua."

"Nasugua mimi."

Akainamisha kichwa.

"Miguu?" nikamuuliza.

Akageuza pete kidoleni. "Imeshika," akasema.

Hilo ndilo lililotoka. Sikupewa jingine, na nyinyi msimtungie lililozidi hapo. Kisha akajiburuta mpaka barazani, akakaa palepale alipokuwa akikaa na mzee wangu, upande wake uleule, akaacha nafasi ya pili tupu. Jikoni iliki ilikuwa inanukia. Mkamwana wangu, mwenye moyo kuliko sisi wote, akatokea mlangoni na kikombe mkononi, akanitazama. Fundi akakiona kile kikombe. Akaiweka fimbo chini, akaandaa mikono yake miwili.

Nikawaita wote, Idi, mkewe, na nyinyi mliokuwepo, mje barazani mnisikie, na yeye akiwa amekaa asikie.

"Fundi akija, nikiwepo nisiwepo, choo mfungulieni. Ndoo iwe imejaa, kandambili ziwe mlangoni. Akishindwa kunyanyuka aingie mwanamume amnyanyue, mwanamke asiingie. Chai msimpe."